Aliyeosha Nywele kwa Maji ya Dwight

Jina lilikuwa limeandikwa juu ya mfuniko kwa wino mweusi, herufi kubwa kubwa: DWIGHT. Leona Prochazka alilisoma, akatabasamu, akaubandua mfuniko kwa nguvu maana ulikuwa umebana. Ndani ya ndoo akakuta chapati za Kimeksiko, siagi ya karanga, makopo ya samaki, na mfuko wa pichi zilizokaushwa nyumbani, zimekatwa vipande vyembamba na mtu asiye na haraka. Kando ya ndoo, chini ya mti wa miiba, palikuwa na madumu ya maji yaliyofunikwa matawi ili jua lisiyapige.

"Asante, Dwight," akasema, mdomo umeshajaa.

Hakuona ubaya wowote. Katika njia ile ndefu ya miguu inayokata Arizona kutoka mpaka wa Meksiko kwenda kaskazini, watu wa miji ya karibu wana desturi ya kuwaachia wapita njia zawadi. Mtu anapakia pikapu yake, anaacha soda au matunda au biskuti pale barabara ya vumbi inapokutana na njia, anaandika jina lake ili anayekula ajue wa kumshukuru, halafu anaondoka zake. Hangoji kuonwa. Leona alishakula zawadi za namna hiyo mara nyingi mno, na kila mara alitaja jina la mtoaji kwa sauti, hata kama wa kumsikia ni mijusi tu.

Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na minane, na shanta lilikuwa mgongoni mwake karibu mwaka wa tatu. Alikuwa ameacha kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya meno huko Nebraska, akaondoka peke yake. Alishatembea milima ya Oregon mpaka kucha zikang'oka. Alishachuma cheri kwa Wakanada, akafua mashuka kwenye nyumba ya wageni huko Oaxaca, akalala kwenye vituo vya basi akiwa amelikumbatia shanta kama mtoto mchanga. Akimpigia mama yake simu, mazungumzo yalikuwa yale yale.

"Na kazi, Leona?"

"Nitafanya kazi ya safari, Mama."

"Kazi gani ya safari?"

"Bado naifikiria."

"Kutembea si kazi, mwanangu. Hata mbwa wa jirani anatembea."

Hilo lilimchoma, kwa sababu kazi kweli hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni ujuzi wa njia. Wageni wa njia wakimwuliza wapi pa kulala, maji gani ya kuchemsha, shanta lifungwe vipi lisikate mabega, alijibu kwa raha sana, huku kichwa amekiinamisha upande mmoja kama daktari. Hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa ameanza kujiona, maana mtu anayetembea peke yake hana wa kumwambia.

Basi siku ile ya Aprili, jua likiwa kali na mipungate mirefu imesimama kama nguzo zisizo na paa, Leona alikula akashiba. Kisha akayatazama madumu. Hakuwa ameoga siku kadhaa na vumbi lilikuwa limegandia shingoni. Akavua viatu, akaosha miguu. Miguu ikaona raha hata akaona haya kuzinyima nywele. Akainamisha kichwa, akamwaga.

Akiwa bado ameinama, wakatokea wanawake wawili wa makamo, mtu na dada yake kutoka Tucson, Consuelo na Irma Bracamonte. Alikuwa amewapita asubuhi. Walikuwa wanaiacha njia pale, wateremke kwa barabara ya vumbi hadi mjini wakapumzike.

"Mbona unajimwagia maji kama uko kwa mama yako?" Irma akauliza.

"Ni ya zawadi, dada. Karibuni. Semeni tu asante Dwight."

Consuelo, yule mkubwa, aliuokota mfuniko akausoma taratibu. "Huyu Dwight ametupa sisi, au amejiwekea mwenyewe?"

Swali lilikuwa la maana. Wapo wapita njia ambao, kabla ya kuanza safari, huzunguka kwa gari na kujiwekea akiba yao jangwani, pale ambapo maji hayapatikani. Nao pia huandika majina yao.

Leona alicheka. "Mwenye kujiwekea huficha, dada. Hii imewekwa kivulini, peupe. Miaka yote hii niko njiani, zawadi naijua hata kwa harufu."

Alisema vile, kwa maneno yale yale. Baadaye yalikuja kumrudia mara nyingi, hasa lile neno la harufu.

Dada wawili wakaketi wakala. Wakajaza chupa zao, Consuelo akatia makopo mawili ya samaki mfukoni, wakaaga. Leona akabaki anachana nywele kwa vidole. Dumu la mwisho lilikuwa na maji kidogo tu yanayocheza chini.

Mzee alikuja kutoka kusini. Alitembea kwa fimbo mbili, goti moja limefungwa kitambaa, na kila hatua aliipima kwanza kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Alipouona mti wa miiba, uso wake ulifunguka. Leona aliuona ule uso, akadhani amefurahia kivuli.

"Karibu mzee, kaa hapa," akamwita. "Una bahati. Kuna mtu mwema anaitwa Dwight katuachia chakula."

Mzee alisimama. Akaitazama ndoo, akayatazama madumu yaliyolala ubavu, kisha akazitazama nywele za Leona zinavyochuruzika. Aliliteremsha shanta lake, akaketi chini kwa taabu na kulinyoosha lile goti.

"Chukua pichi," Leona akamsukumia mfuko. "Usione haya."

Mzee akachukua kipande kimoja. Akakitafuna muda mrefu, macho yake yako mbali.

"Ni nzuri," akasema.

"Nzuri sana. Huyo Dwight lazima awe na mke anayejua kukausha matunda."

"Anajua."

"Unawafahamu?"

Mzee akameza. "Kiasi."

"Basi nifikishie salamu zangu. Naitwa Leona. Na wewe mzee, nani mwenzangu?"

Mzee aliufuta mkono wake kwenye suruali kwanza, kama vile wa kulaumiwa ni yeye.

"Dwight," akasema.

Leona alikuwa na kipande cha pichi mdomoni. Alishindwa kukimeza na alishindwa kukitema. Maji yalikuwa yakimdondoka kutoka nywele hadi shingoni, tone baada ya tone, na kila tone alilisikia kama kidole cha mtu kinachomgusa.

"Kosa ni langu," mzee akaendelea, kwa upole uliozidisha ubaya. "Mke wangu, Bernice, aliniambia niandike usiguse. Nikamwona mkali. Nikasema jina linatosha."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Leona alijua kutukanwa, alishatukanwa kwa lugha mbili. Hili la kuombwa radhi na mtu uliyemlia chakula chake hakujua alishike wapi.

Mambo yalikuwa hivi. Dwight Ostrander alikuwa dereva wa basi la shule huko kaskazini hadi alipostaafu. Tangu hapo, kila majira ya kuchipua, alikuwa akitembea kipande kimoja cha njia ile, peke yake, na kipande hiki kilikuwa cha mwisho. Kutoka pale hadi mtoni, kipande hicho kinapoishia na ambako Bernice angemngoja, ni mwendo wa siku kadhaa. Tangi la ng'ombe lililoko mbele, linalojazwa na pampu ya upepo, lilikuwa limekauka. Mfugaji mmoja alimwambia pampu imevunjika. Ndiyo maana Bernice, na nyonga yake mbovu, aliendesha hadi pale kabla ya mvua ya Machi kuikata barabara, akaviweka vile vitu kwa mkono wake.

"Na goti?" Leona akauliza.

"Mwezi ujao wananipasua. Wanasema baada ya hapo nitatembea hadi kwenye sanduku la barua na kurudi." Alikitazama kile kitambaa gotini. "Nikishuka sasa hadi barabara kuu, halitakubali kunirudisha huku. Basi, nimefika hapa. Si haba."

Alisema si haba, lakini macho yake yalikuwa yamekwenda upande wa kaskazini, ambako njia ilikuwa inapanda na kupotelea kwenye mawe mekundu.

Leona alisimama. Alichukua chupa zake zote mbili za maji akaziweka karibu na mkono wa mzee. Kisha akalichukua shanta lake, lile ambalo hakuwahi kuliacha hata mlangoni mwa choo, akaliegemeza mtini.

"Nakuachia hili," akasema. "Usiondoke, mzee wangu. Nakwenda kuleta maji."

"Binti, maji ni mazito."

"Yalikuwa mepesi nilipokuwa nayamwaga."

Akayafunga madumu matupu kwa kamba, akayatupia begani, akashuka kwa barabara ya vumbi huku yakigongana nyuma yake kama ngoma za watoto.

Pale barabara ilipoliwa na mafuriko aliteremka bondeni, akapanda ng'ambo. Alipofika penye lami, mwanamke mmoja mfugaji alimsimamishia pikapu.

"Vipi, mbona na madumu?"

"Maji yameniishia."

Mwanamke aliendesha kidogo, macho barabarani. "Nywele zako zimelowa," akasema.

Hapo Leona akaeleza yote, huku akiangalia magoti yake. Mwanamke aliendelea kuendesha hadi walipofika mjini. Akazima gari. "Mimi narudi alasiri. Nitakufikisha pale barabara ilipokatika. Zaidi ya hapo ni wewe na Mungu wako."

Kwenye mkahawa, Leona aliwakuta Consuelo na Irma wamekaa dirishani, sahani zimejaa. Angeweza kupita kimya, kwa sababu hawakuwa wamemwona. Alisimama nje kitambo, anachezea kamba ya madumu, kisha akaingia, akawaambia.

Irma akaweka uma chini. Consuelo akafungua mfuko wake, akatoa kopo moja la samaki akaliweka mezani.

"La pili tumeshalila," akasema. "Sikujua, mama. Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukasema unaijua kwa harufu."

"Nilisema."

Irma akatoa sauti ya mtu anayebana kicheko. "Yaani umemkaribisha mzee wa watu pichi zake mwenyewe? Ukamwambia asione haya?"

"Nilimwambia."

"Ee Mama Maria." Akajifuta macho kwa kitambaa cha meza. "Twende basi. Hayo madumu yakijaa hutayabeba mgongoni."

Walimpeleka kwenye duka la mitumba. Nyuma ya makochi yaliyochoka palikuwa na kigari cha mtoto, cha magurudumu matatu, kitambaa chake kina picha za bata. Muuza duka alimtazama Leona tumboni, akampongeza. Leona akasema asante, kwa kuwa kueleza kungekuwa kurefu. Wakayapanga madumu mahali pa kulala mtoto, wakayafunga mkanda. Wakanunua chapati, siagi ya karanga, pichi za dukani zenye sukari nyingi.

Wapita njia hawajipi majina. Jina la njiani unapewa na wenzako, na likishakushika halitoki. Leona alikuwa amekaa miaka bila kupewa, na moyoni alitamani apewe zuri, la ndege au la upepo. Irma alikiangalia kile kigari, akamwangalia mwenyewe.

"Haya Ndoo," akasema. "Mpeleke mtoto kwa babu yake."

Likashika.

Kukisukuma kile kigari bondeni lilikuwa jambo la kutazamwa. Aliyateremsha madumu moja moja, akayapandisha moja moja, akakivuta kigari juu ya mawe kwa kurudi kinyumenyume. Gurudumu la mbele lilikuwa linalia. Njia nzima alijitayarishia maneno ya kumwambia mzee, na yote yalikuwa mabaya. Alipofika kwenye mti wa miiba jua lilikuwa bado halijazama. Dwight alikuwa ameketi vile vile, shanta la Leona amelipakata mapajani ili sisimizi wasilipande.

Akatazama bata. Akatazama magurudumu.

"Umejifungua?" akauliza.

"Mapacha," Leona akasema. "Tena wanne."

Mzee akacheka hadi akalishika goti. Leona naye akacheka, halafu akalia mbele ya mtu asiyemjua, ameshikilia mpini wa kigari. Dwight alitazama pembeni hadi alipomaliza. Watu wa huku hufanya hivyo. Humpa mtu kisogo ili alie kwa uhuru.

Lakini kwa goti lile mwendo ungekuwa mrefu kuliko alivyopanga Bernice; maji yote yangehitajika, na mgongo wa mzee usingeyabeba. Hilo Leona alilifikiria tangu bondeni. Kulikuwa na barabara ya zamani ya wachimba madini inayopita chini ya njia na kukutana nayo mara kwa mara. Asubuhi akamwambia, "Wewe pita juu, mimi nipite chini na watoto. Tutakutana."

Ndivyo walivyokwenda. Leona alitangulia kila siku, akakaa penye makutano, akangoja. Hakuwahi kungoja mtu njiani. Miaka yote alikwenda kwa miguu yake mwenyewe, akila alipoona njaa, akilala alipochoka. Sasa ilimbidi afikirie goti la mwingine: kama mteremko ule utalichosha, kama pale penye kokoto atateleza, kivuli kipi kitakuwa bado kipo saa atakapofika. Akaanza kutandika kitambaa juu ya jiwe la kukalia. Akagundua kwamba mzee hunywa zaidi akipewa kikombe kuliko akipewa chupa. Wapita njia waliokutana na Leona waliuliza mtoto yuko wapi, na kila mara ilimbidi achague kati ya uongo na aibu. Alichagua aibu. Habari ikamtangulia, akifika mahali anakuta watu wanamjua. "Wewe ndiye Ndoo? Haya, hapa kuna maji yangu, naomba usiyaogee."

Aliinamisha kichwa, akapita.

Siku moja wakila kivulini alimwomba Dwight msamaha tena, kwa mara ambayo hakuna aliyehesabu.

"Unanichosha," mzee akasema. "Sikia. Nilipokuwa dereva, watu walidhani kazi yangu ni kuendesha. Kuendesha ni rahisi. Kazi ilikuwa kusimama nje ya nyumba ya mtoto anayetafuta kiatu cha pili, bila kupiga honi. Wewe hupigi honi."

Leona akamwongezea siagi ya karanga.

Walifika mtoni pamoja, kwa sababu kipande cha mwisho njia na barabara huwa kitu kimoja. Dwight alikwenda polepole sana, na Leona akabaki nyuma na kigari chake kitupu, asije akaonekana kwenye picha ya mtu. Bernice alikuwa amesimama darajani, mwanamke mnene mwenye kofia ya majani na mkongojo. Wakakumbatiana kwa muda mrefu. Kisha macho ya Bernice yakapita juu ya bega la mumewe. Alikuwa ameshapata habari. Simu ya Dwight ilikuwa imeshika mtandao asubuhi ile.

"Ndiye huyu aliyeosha nywele?"

"Ndiye."

Bernice alichechemea hadi kwa Leona. Leona alijiweka tayari. Mama yule akanyoosha mkono, akalishika shungi la nywele zake lililotoka kwenye kilemba, akaliviringisha kidoleni kama anayepima kitambaa dukani.

"Angalau zilitakata?"

"Zimeshachafuka tena, mama."

"Basi hasara juu ya hasara." Akafungua mfuko wake akatoa pichi, zile zile nyembamba. "Kula."

Leona alikula kipande kimoja. Kilikuwa kitamu kama vile vya ndooni.

"Mdogo wangu wa kike anataka kupita njia hii mwakani," Bernice akasema, akimtazama anavyotafuna. "Ana sukari, na hana mtu. Mimi siwezi tena kuendesha kwenye vumbi hili. Wewe unajua panapokauka na panapokatika. Utamwekea?"

"Mimi? Mama, mimi ndiye niliye..."

"Nani tena atakuwa mwangalifu kuliko wewe?"

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza. Aliyefuata baada ya mdogo wa Bernice alikuwa rafiki wa huyo mdogo, kisha wastaafu kutoka Tucson walioletwa na Irma, ambaye hakuchoka kuisimulia habari ile. Sasa Leona anaishi katika mji ule ule wenye duka la mitumba. Ana gari kuukuu lenye viti virefu, na kila mwaka anawaongoza watu ambao watoto wao wamewakataza kwenda. Mama yake alikuja kutoka Nebraska kumtembelea, akasikia wageni wanamwita Ndoo, akauliza kwa nini. Mezani kila mtu akainamia sahani yake kwa adabu. Leona ndiye aliyeeleza, na masikio yakamwiva kama siku ya kwanza.

"Na ndiyo kazi yenyewe?" mama akauliza.

"Ndiyo yenyewe."

Mama alifikiri kidogo. "Mbwa wa jirani asingeweza," akasema, akaomba chumvi.

Kila majira ya kuchipua yakikaribia, Leona huzunguka jangwani kuweka akiba za wateja wake. Anaandika jina juu ya mfuniko na ubavuni, na chini yake lile neno ambalo Dwight aliliona kali: usiguse. Akishaiweka ndoo kivulini huinuka na kutazama huku na huku, kama mwizi, ingawa hakuna mtu. Kisha anarudi kwenye gari, anatoa ndoo nyingine ndogo na dumu moja la maji, anaviweka kando ya ile kubwa. Juu ya ile ndogo haandiki jina lolote, maana ni ya yeyote apitaye na njaa. Ndani huwa na chapati chache na pichi, ambazo Bernice bado anamtumia.